Nürburgring: Safari Yetu na Madereva wa Ridhaa



Tulikuwa tumekaa London wiki ya pili, nyumbani kwa mpwa wetu, dada yetu alipotupigia simu kutoka Mombasa. Hakuuliza habari ya baridi wala ya chakula. Aliuliza jambo moja tu: je, ni kweli kwamba mwanawe anakwenda tena Ujerumani kuendesha gari katika ile barabara ya mashindano? Tulipomjibu kuwa ni kweli, na kwamba safari ni Ijumaa baada ya sala, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi enda naye, kaka. Wewe ndiwe mjombake. Ukimuona azidi, mwambie mamako kakataza."

Hofu ya mama huyu haikuzuka bure. Shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki katika barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, kijana akiwa na umri wa miaka 9. Lori lilikuwa likilipita lori jingine, likamkuta usoni, na hakuwa na pa kukimbilia. Tangu siku hiyo dada yetu huisikia sauti ya injini kwa namna ambayo wengine hatuisikii.

Tukikiri ukweli, hatukwenda kwa kusukumwa tu. Sisi tuliokulia Mombasa katika zama za Safari Rally ya Pasaka tulizoea kutoroka chuoni ili tukayatazame magari yaliyojaa tope, na jina la Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hadi 1982, tulilijua kabla ya kuyajua majina ya mawaziri wa nchi yetu. Maalim wetu alitupa adhabu, na tulistahili.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu 11 na magari 6. Kulikuwa na dereva wa basi, muuguzi, mwalimu wa hesabu, mafundi wa umeme wawili, na wengineo wa kazi za namna hiyo. Baadhi yao ni watoto wa pwani yetu, wengine Waingereza, mmoja Msomali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushindania kikombe. Hawa ndio madereva wa ridhaa: huendesha kwa mapenzi, na fedha huwatoka, haziwaingii. Mwaka mzima huweka akiba kwa ajili ya siku 2, na magari yao ni yale yale wanayoendea kazini. Gari la mpwa wetu ni Volkswagen Golf ya miaka mingi, yenye kiti cha mtoto nyuma, ambacho alikiondoa usiku wa kuamkia safari na kukiweka ukumbini kwa taadhima kubwa.

Tulivuka bahari kwa feri kutoka Dover hadi Calais, tukaikata Ubelgiji, na baada ya kilomita zaidi ya 400 tangu Calais tukaanza kuipanda milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani. Ni nchi ya misitu minene na vijiji vidogo, na juu ya kilima kimojawapo pamesimama magofu ya ngome iitwayo Nürburg. Barabara tuliyoifuata inaizunguka ngome hiyo, na jina lake limetoka huko.

Watu wengi wakisikia uwanja wa mashindano ya magari hufikiri juu ya duara la lami lenye majukwaa kandokando. Nürburgring ya zamani, yaani ile sehemu ya kaskazini iitwayo Nordschleife, haifanani na hivyo. Ni barabara ya mlimani yenye urefu wa kilomita 20.8, inayopanda na kuteremka baina ya miti, na tofauti ya kimo kati ya mahali pa chini kabisa na pa juu kabisa hukaribia mita 300. Ilianza kujengwa mwaka 1925. Eneo la Adenau lilikuwa maskini, wanaume hawakuwa na kazi, na mkuu wa wilaya, Dakta Otto Creutz, aliishikilia fikra ya barabara hii kuwa njia ya kuwapatia watu riziki. Maelfu waliajiriwa kuvunja miamba na kukata miti, na mwezi Juni 1927 barabara ikafunguliwa. Aliyeshinda siku ya ufunguzi ni Rudolf Caracciola, akiendesha Mercedes. Na tangu mwanzo huo barabara imekuwa na desturi moja ambayo ndiyo iliyotufikisha sisi huko: siku isipokuwa na mashindano wala kazi ya viwanda vya magari, humfungukia raia yeyote mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani, alipe kiingilio, apite. Kwa mzunguko mmoja hutozwa yuro zipatazo 30 siku za katikati ya wiki, na zaidi kidogo mwisho wa wiki.

Jambo lililotushangaza ni sheria zake. Siku za raia, Nordschleife huhesabiwa kuwa barabara ya kawaida yenye kulipiwa ushuru, ya kuelekea upande mmoja tu, na sheria za barabarani za Ujerumani hutawala pale kama zinavyotawala penginepo. Gari hushika kulia; mwenye kupita hupita kushoto, hapiti kulia kabisa. Ni haramu kupima muda wa mzunguko, na ni haramu kushindana. Gari likivuja mafuta au maji sharti lisimame kando, kwa kuwa tone la oili kwenye kona ni mtego kwa kila anayefuata. Na mwenye kuvigonga vizuizi vya chuma vilivyo pembezoni hulipishwa vizuizi hivyo, hulipishwa lori la kulikokota gari lake, na hulipishwa hata muda ambao barabara imefungwa kwa sababu yake. Kampuni nyingi za bima za Uingereza huandika kwenye mkataba kwamba mahali hapa hazimo. Mpwa wetu alikuwa amenunua bima ya pekee kwa siku zile 2, akatuonyesha karatasi zake kabla hatujamuuliza. Tuliziweka katika kumbukumbu kwa ajili ya dada yetu.

Siku ya kwanza, Jumamosi, tulipanga foleni langoni tangu asubuhi. Mbele yetu palikuwa na gari la familia lenye watoto wawili nyuma, na nyuma yetu gari la fahari ambalo thamani yake ingetosha kujengea madrasa 3. Wote kadi zao huzigusisha kwenye mashine ile ile, na kizuizi humnyanyukia kila mtu kwa kasi ile ile.

Hapa inatupasa tueleze jambo moja ambalo asiyekaa kiti kile hawezi kulitambua. Gari la Uingereza, kama la Kenya, usukani wake uko kulia. Basi dereva huwa yuko upande wa miti, na abiria ndiye aliye upande wa kushoto, upande ule unaopitiwa na magari ya kasi. Mpwa wetu alitufunga mkanda kwa mikono yake, kisha akasema: "Mjomba, kazi yako ni moja. Tazama kioo cha upande wako. Ukiona gari linakuja, sema." Tukawa sisi, tuliokwenda kumchunga, tumepewa kazi ya uchungaji hasa.

Kona ya kwanza sasa ina jina la Sabine Schmitz, mwanamke aliyelelewa katika kijiji cha Nürburg, katika hoteli ya wazazi wake chini ya ngome ile ile. Alishinda mashindano ya saa 24 ya hapo mara 2, mwaka 1996 na 1997, na kwa miaka mingi aliwachukua wageni kwa malipo katika gari lililoitwa teksi ya barabara hii. Alifariki mwaka 2021 kwa saratani akiwa na miaka 51. Mwalimu wa hesabu alitusimulia kuwa mwanamke huyu aliwahi kuizunguka njia nzima kwa Ford Transit, yaani gari la mizigo la umbo la matatu zetu, kwa dakika 10 na sekunde 8. Tuliwaza matatu za barabara ya Malindi, tukaomba habari hii isiwafikie.

Baada ya hapo msitu ukatumeza. Kona hazihesabiki kwa vidole, nyingine zimejificha nyuma ya mwinuko, hivyo unaiona mbingu kwanza na lami baadaye. Majina yake yana maana kwa wenyeji: kuna Uwanja wa Ndege, ambapo gari hupanda mgongo wa ardhi na tumbo la abiria hubaki hewani, kuna Bomba la Mbweha, mteremko mrefu ulionyooka kiasi cha kumdanganya mtu, ambao chini yake gari hujikandamiza ardhini kama mtu aliyetwishwa gunia, na mara baada ya kulipanda gunia hilo tena huja Adenauer Forst, kona ya taratibu sana iliyojificha nyuma ya kilele. Asiyeijua hufika pale akiwa na mwendo wa barabara nyingine. Tuliwaona watazamaji wamejipanga ukingoni na kamera zao, wakingojea msiba wa mtu. Hatukupendezwa nao.

"Mjomba?"

"Liko moja, linakuja. Mawili."

Alitia indiketa ya kulia, akajisogeza kulia, akapunguza mafuta kidogo. Magari mawili yakatupita, upepo wake ukatikisa kioo kilichokuwa mbele ya macho yetu. Indiketa ile ni salamu ya huko. Maana yake ni kwamba nimekuona, pita. Katika mzunguko ule mmoja aliitia mara 14. Tulihesabu. Kufikia kona ya Karussell, ambayo imejengwa kwa zege iliyoinamia ndani kama bakuli, na ambayo iliutetemesha mwili wetu hadi meno, tulikuwa tumeacha kushika mpini wa mlango. Kufikia ule mnyooko wa mwisho, Döttinger Höhe, wenye zaidi ya kilomita 2, tulikuwa tunatabasamu, na hatukutaka aone.

Alifanya mizunguko 4 siku hiyo, na baina ya kila mmoja aliliacha gari lipoe. Mwendo wake ulikuwa wa mtu mzima. Hatukuwa na neno la kumwambia.

Jua la Eifel mwishoni mwa Mei huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo baina ya chakula na Magharibi tulikuwa na wakati mrefu wa kuketi nje ya nyumba ya wageni. Ndipo tulipomuuliza swali ambalo dada yetu hajawahi kumuuliza. Kwa nini wewe, miongoni mwa watoto wote wa marehemu, ndiye unayependa hivi?

Alikaa kimya hata tukadhani hatojibu. Kisha akasema: "Mjomba, hapa sote tunaelekea upande mmoja. Hakuna anayenijia usoni." Akaongeza kwamba katika barabara za nyumbani, kila anaporudi likizo, hawezi kupita kilomita moja bila ya kuyatazama malori ya upande wa pili, na mikono yake hutoka jasho. Hapa jasho hilo halimtoki. Tulinyamaza. Hatukuwa tumelijua hilo kwa miaka 20 na zaidi.

Mazungumzo ya wenzake yalikuwa juu ya Niki Lauda, kwani mahali hapa huwezi kumkwepa. Waliokuwa na umri wa kukumbuka walisimulia, vijana wakasikiliza. Katika mwaka 1968 Mskochi Jackie Stewart alishinda hapa katika mvua na ukungu, mkono mmoja ukiwa na jeraha la kifundo, akamwacha aliyemfuata kwa zaidi ya dakika 4. Na ndiye aliyeipa barabara jina la Jahanamu ya Kijani, jina ambalo ulimi wetu unasita kulitumia kwa mzaha. Stewart mwenyewe alishika bendera ya kudai usalama, na mwaka 1970 madereva wakakataa kuja mpaka barabara irekebishwe. Ikarekebishwa kidogo. Lauda, Mwaustria, aliona haitoshi, akawashawishi wenzake wasusie mashindano ya 1976; walipiga kura naye akashindwa. Tarehe 1 Agosti 1976, katika mzunguko wa pili, karibu na mahali paitwapo Bergwerk, Ferrari yake ilitoka njiani, ikagonga, ikawaka moto. Madereva wenzake, Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl, walisimamisha magari yao, wakaingia motoni, wakamtoa. Mbio za langalanga, kama sisi Wakenya tunavyoziita zile za Formula One, hazikurudi tena Nordschleife.

Hadi hapo kisa hiki hujulikana na wengi. Mwalimu wa hesabu alikuwa na haja na sehemu iliyobaki. Lauda alirudi mashindanoni huko Monza baada ya wiki 6, vidonda vya kichwani havijafunga, akawa wa 4. Kisha mwezi Oktoba, katika shindano la mwisho la mwaka huko Fuji, Japani, akiwa bado anaongoza kwa pointi, mvua ilinyesha kupita kiasi. Aliendesha mizunguko 2, akarudi kwa mafundi wake, akatoka garini. James Hunt akatwaa ubingwa kwa pointi 1. "Na Lauda," mwalimu alisema, "aliishi hadi 2019, na katika umri huo akatwaa ubingwa mara mbili nyingine, ule wa 1977 na ule wa 1984." Mmoja wa mafundi wa umeme, kijana mchangamfu, akacheka, akasema yeye angeendelea. Wenzake nao wakacheka.

Siku ya pili palikuwa pakavu langoni. Ukubwa wa barabara hii una hila yake: upande mmoja jua, upande wa pili mvua. Wakati mpwa wetu alipokuwa akinywa chai, taa zilibadilika, kizuizi kikashuka, na foleni ikazima injini. Watu wa huko wakiona hivyo hawaulizi ni nini. Huuliza ni nani. Baada ya nusu saa lori la kukokota likapita na gari la buluu mgongoni, upande wake wa kulia umekunjika kama kopo. Lilikuwa gari la kijana fundi wa umeme.

Alhamdulillahi, mwenyewe hakuwa na jeraha isipokuwa alama ya mkanda kifuani. Mvua ilikuwa imeikuta Adenauer Forst, naye alifika pale na mwendo wa pakavu. Alipokuwa akitoa vitu vyake garini, mpwa wetu aliiokota simu yake sakafuni. Kioo kilipasuka, lakini saa ya kupimia muda ilikuwa bado inahesabu: dakika 47 na sekunde zake. Mpwa wetu aliizima, akamrudishia, wala hakumwambia mtu. Sisi tuliona kwa kuwa tulikuwa tumesimama naye.

Hesabu aliyoletewa kijana yule hatutaitaja, ila ilipita thamani ya gari lenyewe. Bima ya pekee hakununua. Aliona ni ghali. Alikaa juu ya ukingo wa maegesho na karatasi ile mkononi, na ule uchangamfu haukuwepo tena. Wenzake walizunguka kofia, kila mtu akatia alichoweza, na kilichobaki wakakubaliana naye atakirejesha kwa miezi.

Barabara ilifunguliwa tena saa tisa. Mpwa wetu alikuwa na mizunguko 2 kwenye kadi, akaingia foleni, nasi tukajifunga mkanda upande wetu. Lami ilikuwa inang'aa unyevu. Magari 5 mbele yetu, kisha 3. Neno la dada yetu lilikuwa ulimini petu, nasi tulilishikilia, kwa sababu mtu mwenye miaka 30 na kitu akikatazwa kwa jina la mama yake hukataliwa leo tu. Hatujui hata sasa kama tulifanya sawa kunyamaza.

Yakabaki magari 2. Aliitazama mikono yake juu ya usukani, kisha akatia indiketa, akatoka kwenye foleni, akarudi maegeshoni, akazima gari.

"Mikono inatoka jasho," alisema.

Tulirudi London usiku kucha, kijana fundi wa umeme akiwa amelala kiti cha nyuma, mahali pa kiti cha mtoto. Huko Calais, tukingojea feri, tulimpigia simu dada yetu, tukampa simu mwanawe. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida yao, naye alitoka garini ili tusisikie. Aliporudi alituambia tu kwamba mamake anauliza kama tulikula.

Mwezi uliopita ametuandikia kuwa fundi wa umeme bado analipa, na kwamba kikundi kinapanga kurudi Nürburgring mwezi wa Mei. Mamake ameshaambiwa. Amesema aende, ila mjomba akae kiti kile kile.